Mti wa ngalawa hauzami

Gogo lilielea siku 63. Nazijua kwa sababu nilizihesabu, na nilizihesabu kwa hasira. Nilitaka lizame ili niliweke kwenye tangi langu la samaki sebuleni. Lilikuwa kwenye pipa la uani, nimelibebesha tofali, na kila alfajiri kabla sijapiga mswaki nilikuwa naondoa tofali nione kama limeshiba maji. Likiachiwa tu, linaibuka taratibu, linatulia juu kama kiboko anayekutazama. Wiki ya kwanza nikasema bado. Mwezi ukapita, nikasema gogo nene lina mambo yake. Mwezi wa pili mke wangu akauliza lini pipa litarudi kwenye kazi yake, maana bomba lina siku zake za kukauka, na akiba ya nyumba haiwezi kukaliwa na kuni.

Nikalifunga nyuma ya baiskeli, nikalipeleka ufukweni kwa fundi mmoja wa majahazi hapa Tanga, mzee aliyeshika tezo tangu mimi sijazaliwa.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Leo umeniletea kuni?"

Akaligeuza, akalikwaruza kwa ukucha, akalinusa. Mwembe huu, akasema. Nikamkubalia: mwembe, tawi lililoanguka kwa jirani mwaka juzi, likakauka lenyewe.

"Na shida yake nini?"

"Hauzami."

Akaweka tezo chini. Alicheka mpaka vijana wake wakaacha kupiga kalafati, wakaja kuuliza kuna nini. "Mti tunaochongea ngalawa," akasema huku akifuta macho, "wewe unataka uzame?"

Hesabu yake ni nyepesi. Mita moja ya ujazo ya maji ina kilo 1,000. Ya mwembe mkavu ina kilo 550 hadi 700 hivi. Maadamu una hewa ndani utaelea tu, hata ukiubembeleza. Ningeweza kuitafuta hesabu hiyo kwenye simu kabla ya kuliteka pipa. Lakini kilichonikaa kichwani si hesabu, ni swali aliloniuliza mzee alipomaliza kucheka: "Kabla hujauokota, ulimuuliza nani kazi ya mti huu?"

Sikuwa nimemuuliza mtu. Nilikuwa nimesoma makala za Wazungu usiku kucha, zimejaa mwaloni, mizizi ya azalea, na miti mingine ambayo sijawahi kuiona hata kivuli chake. Mwembe haukutajwa kuwa mbaya, basi nikauona mzuri.

Tangi langu ni la kioo, sentimita 100 kwa 40 kwa 40, lita 160, nimechongewa na fundi vioo wa mtaani na kugandishwa kwa silikoni. Wakaaji wake wakuu ni pleko wa aina ya Ancistrus, wale ambao dume likikomaa linaota vinyuzi vya matawimatawi puani, utadhani kaota ndevu mahali pasipo pake. Ni samaki wa Amerika Kusini, wa familia iitwayo Loricariidae: mwili umevikwa mabamba magumu badala ya magamba, mdomo uko chini kama kikombe cha kunyonyea, na siku nzima amejibandika mahali. Familia hiyo ni kubwa kiasi kwamba mwaka 1988 jarida moja la Kijerumani, DATZ, lilianza kuwapa namba samaki waliokuwa wakifika madukani bila jina la kisayansi: L001, L002, na kuendelea. Mpaka leo wenye mapenzi na samaki hawa huwaita kwa namba hizo kama wafungwa.

Pleko anautaka mti. Anautaka kwa kujificha, maana mchana anaona haya. Anautaka kwa kugombea, maana kila dume lina pango lake na mpaka wake. Na anautaka kwa kuukwangua. Ukizima taa za sebuleni saa tano usiku, ukatulia, unasikia: krr, krr, krr, kama mtu anayekuna nazi chumba cha pili.

Nikarudi kwenye swali la fundi. Nilivyozidi kulifikiria ndivyo nilivyoona kwamba pwani hii haikosi elimu ya mti na maji, ila haijaandikwa kwa ajili ya watu wenye matangi sebuleni. Imo kwenye kazi. Mti huu unachongwa ngalawa, ule unatiwa rangi ngozi, ule unachomwa mkaa, ule unapigiwa ua. Na ipo miti ambayo kazi yake, toka enzi na enzi, ni kuua samaki.

Nianze na hiyo, kwa sababu ndiyo isiyosamehe.

Utupa unajulikana karibu kila mahali Afrika Mashariki. Majani yake yalikuwa yanatwangwa na kutiwa kwenye bwawa au kijito kilichozibwa. Baada ya muda samaki wanapanda juu wakitweta, watu wanaokota kwa vikapu. Ndani yake mna rotenoni, sumu inayozuia chembe za mwili zisitumie oksijeni, kiasi kwamba samaki anakosa pumzi katikati ya maji yenye pumzi tele. Sheria ya Uvuvi ya Tanzania ya mwaka 2003 imekataza uvuvi wa sumu, lakini mti wenyewe bado umesimama mashambani, wengine wanaupanda kufukuza fuko na wadudu. Mnyaa nao, huu tunaoupiga ua, utomvu wake mweupe ukikuingia jichoni utaomba mtu akushike mkono, na huo pia umetumika kuvulia samaki. Mnyaa ukifa na kukauka unatoa vishina vyenye umbo zuri sana, vimejipinda kama vimechongwa makusudi kwa ajili ya akwariamu. Nimewahi kusimama mbele ya ua bovu nikikitamani kimoja. Niliondoka, na nikanawa mikono ingawa sikukigusa.

Mwarobaini unaingia kapu hilohilo. Mti ambao jani lake tunaliweka kwenye gunia la nafaka ili wadudu wasikae, sioni kwa nini mtu aupe nafasi ndani ya maji ya kiumbe kidogo. Mkaratusi una mafuta yake, unayasikia puani ukivunja kijiti tu. Msunobari una ulimbo. Mkorosho una utomvu unaobabua ngozi, na juu ya hapo mikorosho mingi ya kusini hupuliziwa salfa dhidi ya ubwiri, mwaka baada ya mwaka. Hapo sina habari na mti tena, nina habari na ulichopakwa. Ndiyo maana sichukui hata michungwa mikongwe ya Muheza, ingawa mizizi yake ni migumu na inavutia. Sijui mwenye shamba alipulizia nini miaka yote hiyo, na mara nyingi hata yeye hakumbuki. Mbao za kiwandani zilizopigwa dawa, vipande vya nguzo za umeme, mabaki ya vitanda yenye vanishi: usijadiliane navyo.

Kuhusu mti wa ufukweni nina jambo la kuungama, na sipendi kulisimulia.

Kabla ya mwembe, nilikuwa na kipande nilichokiokota pwani baada ya msimu wa kusi. Kizuri mno: cheupe, kimelainishwa na mawimbi, kina matundu ya mviringo kama yaliyopigwa keekee. Nilikiloweka siku tatu kutoa chumvi, nikakionja kwa ulimi (ndiyo, nilikilamba), hakikuwa na chumvi, nikakitia tangini. Kufika jioni ya siku ya pili maji yalikuwa na ukungu. Asubuhi ya siku ya tatu harufu ilinipokea mlangoni. Pleko walikuwa watatu wakati ule, wote wamepanda juu kwenye mdomo wa pampu wakitweta. Nilibadilisha maji nusu, nikabadilisha tena, nikaenda kazini kwa kuchelewa. Niliporudi amebaki mmoja.

Yale matundu, fundi wa majahazi ndiye aliyenieleza baadaye, ni kazi ya mdudu wa bahari anayetafuna mbao za vyombo. Watu humwita mnyoo, lakini kwa hakika ni jamaa wa chaza: ana magamba mawili madogo kichwani anayotobolea mti, na mwili mrefu laini unaojaza tundu lote nyuma yake. Kipande changu kilikuwa kimejaa viumbe hao, wengine wamekufa, wengine ndio kwanza niliwaua kwa maji yasiyo na chumvi. Niliwatilia samaki wangu chungu cha chaza waliooza. Nyama ikioza ndani ya maji inatoa amonia, na amonia inaunguza mashavu ya samaki. Chumvi niliyokuwa naihangaikia wala haikuwa tatizo.

Kwa sababu ya mdudu huyo mabaharia wetu walipaka matumbo ya majahazi deheni, chokaa iliyochanganywa na mafuta ya mnyama, na mbao za juu wakazipaka sifa, mafuta ya ini la papa yanayonuka mpaka peponi. Kwa hiyo ukipata mbao ya jahazi kuukuu, na siku hizi zinauzwa kwa bei kubwa kutengenezea meza za hoteli, usiifikirie kwa tangi. Imekunywa mafuta kwa miaka arobaini, itayatapika kwako.

Mikoko je? Swali hili naulizwa kila mara, maana mizizi ya mkoko ina umbo ambalo mtu wa akwariamu akiliona anatokwa udenda. Ni mti mzito, mgumu, umezoea maji. Boriti zake zilipakiwa kwenye majahazi kwenda Omani na Ghuba kwa karne nyingi kuezekea nyumba, mpaka Kenya ikapiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Ila magome ya mkoko na mkandaa yamejaa tanini, kile kinachotia maji rangi ya chai, kuliko miti mingi. Ndiyo yaliyotumika kutia rangi ngozi na nyavu. Kipande kidogo kinaweza kukugeuzia tangi kuwa kahawa kwa miezi. Lakini hiyo si sababu yangu kubwa. Misitu ya mikoko Tanzania Bara ni hifadhi ya serikali, huingii na panga ukajikatia, na hata kama hakuna anayekuona, ule mzizi ulioushika ndio nyumba ya kamba na vifaranga wa samaki wa pwani nzima. Kuibomoa nyumba ya samaki elfu ili kumpambia samaki mmoja wa Brazili, mimi moyo wangu umekataa.

Sasa upande wa heri.

Fundi alinipa majina matatu bila kufikiri. La kwanza lilikuwa mpingo, na hapo alikuwa ananitania kidogo, maana mpingo una kilo 1,200 hivi kwa mita ya ujazo. Ukiuangusha kwenye maji unashuka kama jiwe siku hiyohiyo. Wachongaji wa vinyago wanavyo vipande. Lakini vumbi lake linawasha pua na ngozi za haohao wanaouchonga, na tangu 2017 umo kwenye orodha ya CITES ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Kwa tangi la sebuleni ni ufahari usio na sababu. Niliupita.

La pili, mkwaju. Ule ambao kinu kikichongwa kinarithiwa. Mgumu, mzito, hauna utomvu wa kuwasha, na tunda lake tunalinywa. La tatu, mpera. Mpera ndio nilioupenda, kwa sababu hata bila elimu yoyote unaona: tawi limejipindapinda, gome linabanduka lenyewe kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, na ndani yake mti ni laini wa kushika, mgumu wa kuvunja. Watoto wanaukwea, wanaula matunda, wanatengeneza manati kwa panda zake. Mti uliotoa manati za utoto wangu wote haujawahi kunidhuru zaidi ya kunitupa chini.

Kando ya hapo kipo kifuu. Watu wa nje wananunua mapango ya udongo kwa ajili ya pleko, sisi tunatupa vifuu jalalani. Kifuu kikavu, kilichokwanguliwa nyama yote ya nazi, kikachemshwa, kikatobolewa mlango wa ukubwa wa vidole viwili: pango tayari. Nyama ikibaki itaota utando na kunuka, kwa hiyo usione uvivu kukikwangua.

Dukani Dar es Salaam nilikuta pia mopani, imefungwa vizuri, bei yake ikinifanya niangalie mara mbili. Mopani ni mti wa kusini mwa Afrika: Zimbabwe, Namibia, Botswana, Msumbiji, mpaka Malawi na Zambia. Mzito, unazama, upande mmoja umeparuzika mweusi na mwingine umelainika wa rangi ya asali. Ni mzuri kweli. Unatoa rangi sana na wiki za kwanza unaota ukungu mweupe, lakini sina neno baya zaidi ya hilo, isipokuwa kwamba nilijisikia mjinga kununua kuni za jirani zilizovikwa nailoni na kibandiko cha lugha tatu.

Hivi lakini wanaula mti wenyewe? Hapa wenye matangi hugombana kama wapenzi wa Simba na Yanga. Wako wanaoapa kwamba pleko asiye na mti anakufa kwa kukosa nyuzinyuzi tumboni. Wako wanaosema ni hadithi tupu.

Ukweli umegawanyika. Pleko wa jenasi ya Panaque, kama yule mwenye mistari aitwaye L190, wana meno yaliyochimbika kama vijiko vidogo na wanachonga mti kwelikweli. Kinyesi chao ni unga wa mbao mtupu, na filta inaziba kama pua ya seremala. Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba hawa wana vijidudu tumboni vya kusaga mbao, kama mchwa. Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani, Donovan German, alichunguza matumbo yao akakuta mambo sivyo: mbao zinapita tumboni kwa muda usiozidi saa nne, na hazimeng'enywi kwa kiasi cha maana. Mchwa anakaa na chakula chake, anakisubiri kioze. Pleko anakipitisha. Anachonufaika nacho ni kile kilichokuwa juu ya mti na ndani ya nyufa zake: utando wa bakteria, kuvu, mwani, na mabaki ya mti ambayo tayari yalikwisha kuanza kuoza.

Ancistrus wangu hata meno ya kijiko hawana. Meno yao ni membamba kama brashi, wanafagia. Kwa hiyo mti kwao ni sahani, si chakula, na sahani tupu haishibishi. Nimeona watu wakiweka gogo, wakanunua pleko, wakaondoka wakidhani wameshampikia. Wangu wanakula tango, mumunye, mchicha uliochovywa maji ya moto, na vidonge vyenye mimea. Tumbo la pleko ligeuze ulione: likiwa limebonyea ndani, ana njaa, hata kama amelalia mbao siku nzima.

Maandalizi nayafanya uani, na siku hizi jirani hawaulizi tena.

Naanza na mti uliokufa wenyewe na kukauka. Mti mbichi una maji na sukari ndani; ukiutia tangini unaanza kuoza kabla ya kutulia. Tawi la mpera nililikalisha juu ya dari ya banda la kuku karibu mwaka mzima. Likikauka, kipimo changu ni kisu: kikizama kwa kubonyeza tu, mti umeoza au umeliwa na mchwa, na mti wa mchwa umejaa udongo ndani ambao hutaumaliza kuutoa. Nikiona unga mwembamba unaanguka kwenye vitundu, dumuzi wamo, nalirudisha jikoni likawe kuni. Kisha nabandua gome lote. Hii ndiyo kazi inayochosha na ndiyo inayorukwa na watu. Gome likibaki litakuja kubanduka lenyewe ndani ya maji, vipande vipande, na kila kipande kitaenda moja kwa moja kwenye filta. Nasugua kwa brashi ngumu na maji matupu. Sabuni hapana, wala dawa ya kuondoa madoa kwenye nguo, kwa sababu mti ni sifongo na hujui utaiachia lini. Ncha kali nazivunja. Pleko akishtuka anakimbia bila kuangalia.

Halafu kuchemsha. Nina nusu pipa la chuma nililoomba kwa muuza mafuta ya kupikia, mafiga matatu ya tofali, na kuni za mwembe. Ndiyo, gogo lile la siku 63. Lilipata kazi mwishoni.

Saa ya kwanza maji yanakuwa kahawa. Namwaga, natia mengine. Saa ya pili yanakuwa chai ya rangi iliyokolea. Namwaga. Nikiwa na nafasi naendelea mpaka yafike rangi ya chai aliyosahau majani mpishi, halafu naacha mti upoe ndani ya maji yaleyale. Hapo ndipo unapozama: ukichemka, hewa iliyo ndani inatanuka na kutoka, ukipoa unayavuta maji mahali pa hewa. Ndiyo tofauti ya siku chache na miezi. Moto pia unaua mayai ya konokono, mbegu za kuvu na chochote kilichokuwa kimelala kwenye nyufa. Wakati wa kuchemsha kaa upande upepo unakotokea, na kama hujui jina la mti, usiuchemshe kabisa. Mvuke wa mti wenye sumu nao unaweza kuwa sumu.

Baada ya moto naurudisha kwenye ndoo kubwa uzame wiki mbili tatu, nikibadilisha maji kila nikikumbuka. Bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa Pemba, alikuwa anafukia makumbi ya nazi kwenye matope ya pwani miezi kadhaa, mpaka nyama yake ioze na kubaki usumba safi wa kusokotea kamba. Nilipokuwa mtoto niliona ni uchafu wa kujitakia. Sasa kila nikichungulia ndoo yangu namkumbuka akiniambia niache kupekua, makumbi hayaivi kwa kutazamwa. Pua ndiyo inayoamua. Mti ulio tayari unanuka kama ardhi iliyopigwa na mvua ya kwanza. Ukinuka yai viza, ndani kuna mahali panaoza bila hewa, na mti huo haujafika, pengine hautafika. Siku za mwisho natia konokono wawili watatu kwenye ndoo. Wakitembea wiki nzima bila kujifunga ndani ya nyumba zao, natoa ruhusa.

Wiki ya kwanza tangini mti utaota utando mweupe, kama kamasi. Watu wanapiga simu kwa hofu. Ni bakteria na kuvu wanaokula sukari iliyobaki juu ya mti, unaisha wenyewe, na pleko wanauona kama sinia la pilau. Maji nayo yatabadilika rangi. Wengine hawapendi, mimi napenda, maana ndiyo rangi ya mito mingi wanakotoka. Rio Negro, tawi kubwa la Amazoni, umeitwa mto mweusi kwa rangi hiyohiyo ya majani na miti. Tanini inashusha pH, kipimo cha asidi ya maji, kidogo, lakini usiitegemee kama unachota kisima cha pwani. Visima vyetu vimechimbwa kwenye jiwe la matumbawe, maji yake yamebeba chokaa, na chokaa inaimeza asidi ya mti mara moja. Kipimo changu kilikuwa 8.0 kabla ya mpera, kikawa 7.8 baada ya mwezi. Pleko waliozaliwa kwenye matangi wanavumilia hilo. Asiyeitaka rangi abadilishe maji kila wiki, itapungua yenyewe.

Jambo moja kwa haraka, kwa sababu limenichosha. Yule pleko mwenye madoa anayeuzwa akiwa na urefu wa kidole, ukiambiwa "huyu haongezeki," umedanganywa. Mara nyingi ni Pterygoplichthys, anafika sentimita 30 na zaidi, atalibeba gogo lako mgongoni. Na akikushinda usimpeleke mtoni kwa huruma. Florida na Mexico walimwachia, sasa anachimba mashimo kwenye kingo za mito na mabwawa mpaka zinabomoka. Mto Zigi hauhitaji mgeni huyo.

Sasa mpera umekaa mwaka na nusu, umesimama kwa pembe, mguu wake umebanwa na bamba la jiwe. Chini yake kipo kifuu, na ndani ya kifuu limo dume, limekalia mayai ya rangi ya chungwa lililoiva, likiyapepea kwa mapezi usiku na mchana, halitoki hata kwa tango. Jike limefukuzwa, linakwangua mti kwa juu.

Jumamosi iliyopita fundi wa majahazi alipita nyumbani kunywa kahawa. Nikamkalisha mbele ya kioo. Alitazama mti kwanza, akaukubali kwa kichwa. Kisha akainama karibu kabisa, akamkodolea macho jike lililobandikana na mpera.

"Huyu analiwa?"

Nikamwambia kwao Amazoni wanao ndugu zake wakubwa, wanawachoma hivyohivyo na mabamba yao, wakiiva wanabanduliwa kama kaa.

Akanywa kahawa yake yote kwanza. "Basi," akasema, "kuni umeshamwekea."